Fichua, funua au fumbua? Namna ya kuchagua kitenzi cha kuweka jambo wazi

Mwandishi wa habari anayeripoti matokeo ya ukaguzi wa hesabu hufika aya ya tatu akiwa ameshaandika "fichua" mara nne, na hapo ndipo anapoanza kutafuta kisawe. Huchukua "funua", kisha "gundua", kisha "bainisha", akidhani kwamba amebadilisha sauti tu, kumbe amebadilisha na habari yenyewe: kitenzi cha kwanza kilisema kwamba kuna mtu aliyeficha fedha, cha pili kinasema kwamba fedha hizo zilikuwa chini ya kifuniko, na cha tatu kinasema kwamba mkaguzi alizikuta bila mtu yeyote kuwa na hatia. Katika kuhariri maandiko ya wengine nimekutana na mkorogo huu mara nyingi kuliko makosa ya ngeli, nami mwenyewe sijasalimika: makala yangu moja ya zamani inasema kwamba daktari "alifichua" uvimbe, kana kwamba mgonjwa alikuwa ameuweka mfukoni.

Njia ninayoipendekeza hapa ni ya kujiuliza swali moja kabla ya kuandika: kitu hiki kilikuwa kimezuiwa na nini kisionekane? Vitenzi vingi vya Kiswahili vya kuweka jambo wazi hubeba ndani yake kumbukumbu ya kizuizi, na ukikijua kizuizi, mara nyingi kitenzi hujileta chenyewe.

Kinyume kilichomo ndani ya kitenzi

Lugha yetu ina kauli ya kutendua, yaani mnyambuliko unaoonyesha kwamba jambo lililofanywa sasa linaondolewa. Alama yake ni irabu "u", ambayo hugeuka kuwa "o" pale mzizi unapokuwa na "o". Kwa hiyo funga huzaa fungua, kunja huzaa kunjua, ziba huzaa zibua, tega huzaa tegua, lakini shona huzaa shonoa. Jamii ya vitenzi tunayoizungumzia imejengwa kwa sehemu kubwa juu ya kauli hiyo: ficha na fichua, fumba na fumbua, fukia na fukua, funika na funua, bandika na bandua, ezeka na ezua. Katika jozi tatu za mwisho kiishio "-ika" au "-eka" huondoka kwanza ndipo "u" iingie, na ndiyo maana mwanafunzi hupata shida kuona kwamba funua ni kinyume cha funika.

Hii inatupa jaribio jepesi la kwanza. Chukua sentensi yako na uirudishe nyuma. Ukiandika "fichua", je, msomaji akikuuliza "nani alificha?" unalo jibu? Ukiandika "funua", je, kulikuwa na kifuniko, shuka, jani, jalada au pazia? Ukiandika "fukua", je, kuna udongo, au angalau muda mrefu uliolifunika jambo kama udongo? Sentensi isiyostahimili swali hilo imechukua kitenzi cha jirani.

Funua

Funua ni kitenzi cha mikono. Mpishi hufunua sufuria aone kama wali umeiva, mwalimu huwaambia wanafunzi wafunue vitabu ukurasa wa 12, na bwana harusi hufunua shela ya bibi harusi. Katika matumizi haya hakuna siri wala hila, kwani kifuniko kiliwekwa kwa sababu nzuri na kinaondolewa kwa wakati wake. Hata kitenzi kinapopanda kuingia katika mambo ya roho hubaki na utulivu huo. Kitabu cha mwisho cha Biblia kinaitwa Ufunuo, na jina hilo limelingana vizuri na lile la Kigiriki, apokalypsis, ambalo nalo maana yake ni kuondoa kifuniko. Mkristo atasema Mungu "amemfunulia" mtume wake jambo. Mwislamu, kwa jambo lililo karibu na hilo, atatumia picha nyingine kabisa, maana Qurani "iliteremshwa" na wahyi "hushuka". Anayetafsiri maandiko ya dini asizichanganye picha hizi mbili kwa sababu tu kamusi ya lugha ya kigeni imeziweka chini ya neno moja.

Tahadhari moja kuhusu funua ni pale yambwa, yaani kile kinachotendwa, inapokuwa mtu. "Walimfichua mwizi" ni kwamba walimtaja au walimtoa alipojificha. "Walimfunua mwizi" ni kwamba walimwondolea shuka, au hata nguo. Wasomaji watacheka, na watakuwa na haki.

Fumbua

Fumbua imezaliwa na fumba, ambayo ni kubana vitu viwili vikutane: kope za macho, midomo, vidole vya mkono. Mtu aliyeamka hufumbua macho, na aliyenyamaza muda mrefu hatimaye hufumbua kinywa. Kutoka kwenye maana hiyo ya kubana ndiko tulikopata fumbo, maneno ambayo maana yake imefungwa ndani, na methali inayosema "Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua". Kwa hiyo kinachofumbuliwa kwa kawaida huwa machoni pa watu wote, ila maana yake haijashikika. Kitendawili kinafumbuliwa, kwa sababu maneno yake yamesikika na kila mtu, lakini hakifichuliwi.

Tawi la fumbua limekua hadi ofisini. Ufumbuzi wa tatizo ni jibu lake, na viongozi husema kila siku kwamba hawatalifumbia macho jambo fulani. Angalia kwamba "kufumbia macho" na "kuwafumbua watu macho" zinakwenda pande mbili zilizo kinyume, na herufi moja tu ikikosewa utamsifu mtu kwa kile ulichotaka kumlaumia.

Fichua, toboa, vujisha

Sasa tufike kwa fichua yenyewe. Inadai mambo matatu: kuna kilichofichwa, kuna aliyekificha au aliyenufaika na kufichwa kwake, na kuna mtu wa tatu aliyekileta mbele ya watu. Ndiyo maana imekuwa neno la magazeti, la mahakama na la mapambano dhidi ya rushwa. Waandishi wa Kenya humwita mfichuzi yule mfanyakazi anayetoa habari za uovu wa ndani ya taasisi yake. Tanzania, katika sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watu hao pamoja na mashahidi, imechagua maneno ya upole zaidi, "watoa taarifa". Nadhani uchaguzi huo una hekima ya kisheria, kwa sababu mtu anayetoa taarifa hajathibitisha bado kwamba kulikuwa na kitu kilichofichwa, na neno mfichuzi lingekuwa limeshatoa hukumu. Lakini kwa mwandishi wa makala, pale uovu unapokuwa umethibitishwa, mfichuzi ni neno lenye nguvu na halina sababu ya kuogopwa.

Toboa ni fichua iliyotoka kinywani. Picha yake ni ya tundu: siri ilikuwa imezungushiwa ukuta, mtu akauchoma. Kwa kawaida anayetoboa ni yule aliyekuwa ndani ya siri, aliyeaminiwa kuitunza, na kwa hiyo neno huja na harufu ya usaliti, au pengine ya mzigo uliomshinda mtu kubeba. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ndiyo yenye uwezo wa kutoboa. Mpita njia hawezi kutoboa siri asiyoijua, ingawa anaweza kuifichua akiigundua. Wanafunzi wa Kenya hujifunza kwa maana hiyohiyo misemo ya kupasua mbarika na kumwaga mtama penye kuku wengi, ambayo inapendeza katika insha na hadithi lakini hukaa vibaya katika ripoti. Ujue pia kwamba katika mazungumzo ya vijana wa Tanzania, "kutoboa" peke yake ni kufanikiwa kimaisha, basi ukiandika kwamba fulani "ametoboa" bila kutaja siri, msomaji kijana atampongeza.

Vujisha ni jambo jingine tena. Kinachovuja hutoka kidogo kidogo kwenye chombo kilichopasuka, na huenda kisifike kwa umma wote. Mitihani huvujishwa, haifichuliwi, kwa kuwa aliyeificha alikuwa na haki ya kuificha. Hapa pana tofauti ya kimaadili ambayo kitenzi huibeba hata kama mwandishi hakukusudia: anayefichua huonekana kuwa upande wa haki, anayevujisha huonekana kuwa amevunja utaratibu. Nyaraka zilezile za serikali zinaweza "kufichuliwa" katika gazeti moja na "kuvujishwa" katika jingine, na msomaji makini ataona kila gazeti limesimama wapi kabla hajafika aya ya pili.

Pale ambapo hakuna aliyeficha

Gundua ndiyo inayohitajika mara nyingi pale watu wanapoandika fichua kwa makosa. Anayegundua hupata kujua asichokijua, basi. Madini ya tanzanite yaligunduliwa Mererani mwaka 1967. Hakuna aliyekuwa ameyaficha, yalikuwa tu hayajajulikana. Uvimbe wa yule mgonjwa wangu ulipaswa kugunduliwa.

Vumbua inakaribiana na gundua lakini imeelekea zaidi kwenye kitu kipya kilichobuniwa, kama mtambo au dawa, ingawa vitabu vya shule bado huitumia kwa safari za Wazungu. Jamaa yake, vumbika, ni kufukia ndizi au matunda mabichi kwenye majivu au majani ili yaive. Hapa ningemsihi mwandishi awe mwangalifu. Tumesoma kwamba mmisionari Johannes Rebmann "aliuvumbua" mlima Kilimanjaro mwaka 1848. Kwa mantiki ya kitenzi, sentensi hiyo inataka tuamini kwamba Wachaga waliokuwa wakilima kwenye miteremko yake hawakuwa wameuona. Kilichotokea ni kwamba Rebmann aliuona na akaandika habari zake kwa wasomaji wa Ulaya, na Kiswahili kina maneno ya kusema hivyo bila shida. Ukitaka kutumia gundua, mtaje aliyekuwa hajui: "Wazungu waligundua kwamba kuna theluji karibu na ikweta" ni sentensi ya kweli.

Fukua inafaa mahali ambapo kuna kuchimba. Mfano mzuri ni ule wa Olduvai: tarehe 17 Julai 1959 mtafiti wa mambo ya kale, Mary Leakey, aliona mfupa umechomoza ardhini, ndipo fuvu la kale likafukuliwa vipande kwa vipande. Katika habari moja una vitenzi viwili vyenye kazi mbili, kugundua kwa macho na kufukua kwa mikono, na hakuna kimoja kinachoweza kuchukua nafasi ya mwenzake. Kwa maana ya sitiari, Watanzania husema mtu "anafukua makaburi" anaporudisha mabishano ya zamani ambayo wengi wangependa yalale. Ni msemo wa kulaumu, na haumfai mwanahistoria unayemheshimu.

Ibua huleta kitu juu kutoka chini ya maji, kwa hiyo hutumika vizuri kwa hoja, vipaji na mijadala. Wahudumu wa afya Tanzania huzungumzia kuwaibua wagonjwa wa kifua kikuu, yaani kuwatafuta katika jamii wale ambao hawajafika hospitalini, na matumizi hayo ni ya busara, kwa kuwa "kuwafichua wagonjwa" kungewafanya wawe kama watuhumiwa. Vyombo vya habari navyo hupenda "ripoti yaibua madudu", ambayo ni sawa katika kichwa cha habari ingawa imeanza kuchosha.

Kuweka wazi na kuaibisha

Kundi hili linahitaji uangalifu kuliko mengine, kwa sababu hapa kitenzi kinaweza kumdhuru mtu. Umbua ni umba iliyotenduliwa: aliyeumbwa akaonekana mzuri, sasa sura yake inaharibiwa mbele za watu. "Mficha maradhi, kifo humuumbua", wasemavyo wahenga, na neno hapo halisemi kwamba kifo kitatoa taarifa tu, linasema kwamba kitamwaibisha. Mtu akisema uongo ukajulikana, ameumbuka. Hiki si kisawe cha fichua, bali ni matokeo yake kwa yule aliyefichuliwa. Katika habari ya kawaida, kuandika kwamba ukaguzi "umemuumbua" meneja ni kumshangilia mkaguzi, jambo ambalo linamfaa mwandishi wa safu ya maoni kuliko ripota.

Nyuma ya umbua kuna thamani ambayo msomaji wa Kiswahili anaijua bila kuambiwa, nayo ni sitara. Kusitiri ni kufunika kwa heshima, kama vazi linavyousitiri mwili na ndugu wanavyozisitiri aibu za nyumba yao. Tunao hata msemo wa "funika kombe mwanaharamu apite". Lugha yetu basi haioni kila kifuniko kuwa ni hila, na mwandishi anayeondoa kifuniko ajue kama anaondoa hila au anaondoa sitara. Akiondoa hila, amefichua. Akiondoa sitara, ameanika, kama nguo zinavyoanikwa kwenye kamba kila mtu azione, au amemvua mtu nguo, na ni vyema akubali kutumia kitenzi hicho hata kama ni yeye mwenyewe aliyefanya.

Kashifu imekuwa na safari ya ajabu. Asili yake ya Kiarabu ni kufunua kilichofunikwa, lakini ilipokaa kwetu ikawa ni kumsema mtu vibaya na kumvunjia heshima, na kashfa ikawa jambo la aibu lililojulikana kwa watu. Kwa hiyo "gazeti lilifichua kashfa" ni sahihi, lakini "gazeti lilimkashifu waziri" ni tuhuma dhidi ya gazeti. Tumbua nayo isikudanganye: tangu mwishoni mwa mwaka 2015, chini ya Rais John Magufuli, maneno "kutumbua majipu" yalienea Tanzania kwa maana ya kuwaondoa kazini watumishi waliodaiwa kufanya maovu. Jipu lilikuwa linaonekana tayari. Kilichofanywa ni kulipasua.

Bainisha, dhihirisha, weka wazi

Hivi havina kizuizi ndani yake, na ndiyo faida yake. Bainisha hutenganisha jambo na jingine mpaka mipaka yake ionekane, kwa hiyo hubainishwa tofauti, sababu, masharti na vigezo. Umbo fupi, baini, ndilo la polisi na wakaguzi: "uchunguzi umebaini kwamba" haimtuhumu mtu yeyote hadi sentensi iishe. Dhihirisha ni kuonyesha kwa ushahidi au kwa vitendo, na mara nyingi kinachodhihirishwa ni sifa, kama upendo, uwezo au udhaifu. Weka wazi, weka bayana na weka hadharani ni za mwenye jambo lake mwenyewe: kiongozi huweka wazi msimamo wake na mwajiri huweka bayana masharti ya kazi. Mtu akiweka wazi mali zake hajajifichua.

Maumbo ya kuangalia

Mwandishi mwangalifu huandika fichua, funua na toboa bila "w" katikati, hata kama ulimi unaisikia. Lakini kitenzi kikinyambuliwa, "l" ya kale inarudi: fichuliwa, funulia, tobolea, umbuliwa. "L" hiyohiyo hugeuka "z" katika nomino, na ndiyo sababu tunasema ufichuzi, ufumbuzi, ugunduzi na uvumbuzi. Funua imebaki nje ya safu hiyo kwa kuchukua ufunuo.

Kauli ya kutendea ina mtego wake. "Alinifichulia siri" inaweza kuwa aliniambia mimi siri, au aliitoa siri yangu kwa hasara yangu. Kuongeza neno "yangu" husaidia, na kutaja waliosikia husaidia zaidi: "alinitobolea siri yangu mbele ya wakwe" haina utata wowote. Kauli ya kutendeka nayo, kama fichuka, bainika na gundulika, humwondoa mtendaji. "Wizi wafichuka" ni kichwa cha habari kizuri, lakini aya ya kwanza ikiendelea hivyohivyo msomaji atabaki akiuliza ni nani aliyefanya kazi ya kuufichua.

Tujaribu kwa aya moja ya kubuni

"Ukaguzi umefichua kwamba chama cha ushirika kilinunua magunia 400 ya mbegu. Ukaguzi huo pia umefichua kuwa magunia 120 hayakufika ghalani, ingawa vitabu vinaonyesha yalipokelewa. Mlinzi mmoja alifichua kwamba lori lilipakuliwa kwingine usiku. Nyaraka zilizofichuliwa katika kabati la ofisi zilifichua majina ya wanunuzi. Mwenyekiti amesema atafichua msimamo wa chama wiki ijayo."

Sentensi ya kwanza haina siri, kwani manunuzi yamo vitabuni, basi "hesabu zinaonyesha" inatosha. Ya pili ndiyo kiini cha habari: kuna pengo, na kuna aliyeandika uongo ili kulifunika, kwa hiyo fichua ibaki hapo. Mlinzi alikuwa ndani ya jambo, akasema. "Aliwatobolea wakaguzi siri" ingefaa katika simulizi, ila katika ripoti inamfanya aonekane mshirika wa wizi, na "aliwaeleza wakaguzi" inamlinda. Nyaraka kuwamo kabatini si kufichwa, maana kabati ndilo mahali pake, basi "zilizokutwa" na "zina majina". Mwenyekiti naye anasema habari zake mwenyewe.

"Hesabu za chama cha ushirika zinaonyesha kwamba kilinunua magunia 400 ya mbegu, lakini ukaguzi umefichua kuwa magunia 120 kati ya hayo hayakufika ghalani, ingawa vitabu vinasema yalipokelewa. Mlinzi mmoja aliwaeleza wakaguzi kwamba lori lilipakuliwa kwingine usiku, na nyaraka zilizokutwa katika kabati la ofisi zina majina ya wanunuzi. Mwenyekiti amesema ataweka wazi msimamo wa chama wiki ijayo."

Fichua sita zimebaki moja, nayo imesimama mahali ambapo wizi wenyewe upo.